Ripoti ya ADHD kutoka hospitali binafsi na daktari wa serikali: maswali ambayo wazazi wa Dar huniuliza

Mwanangu yuko darasa la tatu. Kliniki moja ya binafsi ilimkuta na ADHD, yaani hali ya mtoto kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka kupita kawaida, akiwa na miaka saba, na baada ya hapo ilinichukua miezi mitano kumpata daktari wa hospitali ya serikali aliyekubali kumfuatilia. Tangu wakati huo wazazi wa shuleni kwake, majirani zangu wa Tabata na watu waliopewa namba yangu na mtu mwingine wamekuwa wakinipigia kuuliza mambo yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi si mtaalamu wa afya. Ya dawa na vipimo nimeyajifunza kwa kuuliza sana na kusoma, na mwenye neno la mwisho ni daktari aliyemshika mtoto wako.

Nina ripoti ya hospitali binafsi. Hospitali ya serikali inalazimika kuikubali?

Hapana, hailazimiki. Daktari akimwandikia mtoto dawa, anaiandika kwa jina lake na kwa usajili wake mwenyewe wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Likitokea la kutokea, atakayeulizwa ni yeye, wala si yule wa kliniki ya Mikocheni aliyekuandikia ripoti. Ndiyo maana anataka ajiridhishe.

Mimi sikulielewa hilo. Niliingia na ile karatasi kama mtu aliyeshika hukumu ya mahakama, nikitegemea igongwe muhuri nipewe dawa niondoke. Daktari akaisoma, akaikunja, akaniuliza maswali yale yale niliyokwisha kujibu kwingine kwa pesa. Nilikasirika. Leo naona alikuwa sahihi, na kama ningeleta ushahidi uliomfanya daktari wa kwanza afikie jibu lake, tungemaliza siku ileile.

Basi kila ninaloandika hapa chini linarudi kwenye jambo hilo: mpelekee daktari wa serikali sababu za kutosha ili aweze kusaini kwa amani.

Kwani hawawaamini madaktari wa binafsi? Si ndio walewale?

Mara nyingi ndio walewale. Bingwa anaweza kuwa hospitali ya serikali asubuhi na jioni ukamkuta kliniki ya binafsi. Shida iko kwenye ugonjwa wenyewe. Malaria ukiipinga, mtoto anatobolewa kidole tena na baada ya dakika ishirini jibu lipo. ADHD haina tone la damu. Jibu lake linatokana na masimulizi ya watu wanaoishi na mtoto, yakikusanywa kwa utaratibu na kulinganishwa. Ripoti isiyoonyesha masimulizi hayo, hata kama imeandikwa na profesa, msomaji hana pa kuipimia.

Ripoti ya namna gani inapokelewa?

Ya kwetu ya kwanza ilikuwa nusu ukurasa: jina la mtoto, tarehe, sentensi moja ya Kiingereza kwamba ana ADHD, jina la dawa, sahihi isiyosomeka na muhuri. Ikarudishwa. Nilipoenda kuomba ripoti kamili, mapokezi waliniambia hiyo ndiyo ripoti yao. Ikabidi nikae mpaka daktari mwenyewe atoke, nimweleze kwamba naipeleka serikalini. Alinielewa, na baada ya wiki moja akaniandikia kurasa tatu. Kwa hiyo usiondoke kliniki ya binafsi kabla hujaisoma karatasi yako. Umeilipia.

Kitu cha kwanza kinachotafutwa ni historia: mimba ilikuwaje, mtoto alilia alipozaliwa au alichelewa, aliwahi kupata degedege, alianza lini kutembea na kusema, na dalili hizi zilianza kuonekana akiwa na umri gani. Umri una uzito, kwa sababu mwongozo wa Marekani unaotumiwa na wengi, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Mwongozo huo una dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anatakiwa awe na sita au zaidi katika kundi mojawapo, kwa muda wa miezi sita au zaidi, katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamharibia maisha yake kweli. Ripoti nzuri inasema ni dalili zipi kwa majina yake. Ikisema tu "anakidhi vigezo", mwombe mwandishi avitaje.

Kisha madodoso. Yapo kadhaa, na la Vanderbilt ndilo rahisi kulipata kwa kuwa halina malipo. Lina fomu ya mzazi na fomu ya mwalimu. Ripoti iseme dodoso gani lilitumika, nani alijaza, lini, na alama zilizopatikana. Zile fomu zilizojazwa kwa mkono ziambatishwe hasa. Daktari wetu wa pili aliiruka ripoti yenyewe akaenda moja kwa moja kwenye fomu ya mwalimu, akaisoma yote.

Mwisho, ripoti ionyeshe mambo mengine yaliyoangaliwa yakaondolewa, na iwe na jina kamili la aliyeiandika, taaluma yake, namba ya usajili na simu inayopatikana. Ikiwekwa na namba ya ugonjwa, 6A05 kwa ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani au F90 kwa ICD-10 iliyotangulia, watu wa kumbukumbu na bima watakushukuru.

Kama ripoti imeandikwa na mwanasaikolojia peke yake, bado ina thamani kubwa. Lakini mwanasaikolojia haandiki dawa, na hajamsikiliza mtoto moyo. Tegemea daktari kumpima upya upande huo. Vilevile kama mlipimwa kwa video na mtaalamu wa Nairobi au India, ripoti yake itachukuliwa kama sehemu ya historia, mara chache zaidi ya hapo.

Nianzie zahanati ya mtaa au niende Muhimbili moja kwa moja?

Mfumo wetu umepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha kanda na taifa. Dar tuna hospitali tatu za rufaa za mkoa: Amana (kwa watu wa Ilala), Temeke na Mwananyamala. Muhimbili ni ya taifa na inapokea kwa rufaa. Ukiwa na bima, rufaa ndiyo inayofungua mlango wa dirisha la bima huko juu. Bila hiyo unaweza kuambiwa ulipe taslimu.

Ushauri wangu ni uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, na ile barua itaje shida: kwamba ni mtoto, kwamba anahitaji tathmini ya tabia na umakini, na kwamba ana ripoti ya awali. Barua ya rufaa iliyoandikwa "for further management" (kwa matibabu zaidi) peke yake itakufanya uanzie foleni ya watoto wenye homa. Ukifika, uliza kliniki ya afya ya akili inakaa siku gani, na kama ipo siku ya watoto. Kliniki hizi hazikai kila siku, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno. Wanaoshughulika na watoto ni wachache zaidi. Nimewahi kupanda daladala mbili asubuhi ya saa kumi na moja na nusu kwenda siku ambayo si yake.

Siku yenyewe nibebe nini, na niseme nini?

Beba ripoti pamoja na nakala mbili. Waachie nakala, ripoti halisi rudi nayo nyumbani. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, ile ya chanjo na uzito: wazazi wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha alizaliwa na kilo ngapi na alikuaje. Beba ripoti za shule za mihula miwili mitatu. Na beba madaftari. Daftari la hisabati la mwanangu lilisema zaidi yangu: hesabu tatu za kwanza zimefanywa vizuri kabisa na zimepata vema, ya nne imeishia katikati, halafu ukurasa mzima mweupe, kesho yake hivyohivyo. Daktari alilifungua akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu anajua. Anashindwa kufika mwisho."

Andika pia ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa mkono tu inatosha, wenye mifano ya kweli yenye tarehe. "Hatulii" haimsaidii daktari kitu, kila mtoto hatulii. "Mwezi wa tatu alipoteza sweta mbili na chupa ya maji, tarehe 12 alivuka barabara ya Mandela bila kuangalia akifuata mpira, kuandika mistari mitano ya Kiswahili kunamchukua saa moja na nusu nimekaa pembeni yake." Hapo anakuona.

Kuhusu maneno. Mara ya kwanza mazungumzo yetu yalikwenda hivi:

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mama, mtoto anasumbuliwa na nini?"

"Ana ADHD. Tumekuja kuchukua dawa."

"Nani amesema ana ADHD?"

Tukaanza vibaya, na hatukurekebika siku ile. Mara ya pili, kwa daktari mwingine, nilisema: "Daktari, mwanangu anashindwa kumaliza jambo lolote shuleni na nyumbani, tangu akiwa chekechea. Tulimpeleka mahali akapimwa, majibu yao haya hapa pamoja na fomu za mwalimu. Naomba umwangalie na wewe." Neno "na wewe" lilibadilisha sura ya mtu.

Usishangae mtoto akikaa kimya ametulia kama maji ya mtungini siku hiyo. Chumba kigeni, mtu mgeni, koti jeupe: watoto wengi wenye ADHD hutulia mbele ya jambo jipya. Mwambie daktari mapema. Kama una video fupi ya simu ya wakati wa kazi za nyumbani, mwonyeshe, ila usimchukue mtoto akiwa analia au anaadhibiwa.

Wanataka apimwe macho, masikio na damu kwanza. Wananizungusha?

Hapana, na hapa naomba uwe mvumilivu kweli. Mtoto asiyesikia vizuri hafuati maelekezo. Mtoto asiyeona ubaoni anageuka kuongea na wenzake. Upungufu wa damu unachosha akili. Mtoto anayekoroma kwa sababu ya nyama za pua halali vizuri, na mtoto mdogo asiyelala vizuri hasinzii mchana kama mtu mzima, anarukaruka. Kuna kifafa cha kuduwaa, ambapo mtoto anakata kwa sekunde chache huku macho yako wazi, na mwalimu anadhani yuko mawazoni. Kuna seli mundu, ambayo kwetu ni nyingi, na inaweza kuleta kiharusi kidogokidogo kisichoonekana kwa nje lakini kikagusa umakini. Malaria iliyowahi kupanda kichwani nayo inaweza kuacha athari za namna hiyo. Na kuna mtoto anayepigwa au kuguswa vibaya na mtu wa karibu, ambaye hawezi kukaa kitini kwa sababu ambazo hakuna dodoso litakalozisema.

Kama vipimo hivi ulishafanya binafsi, leta majibu yenye tarehe ili visirudiwe.

Kuna kipimo cha kichwa kinachoonyesha ADHD?

Hakuna. CT haionyeshi, MRI haionyeshi, na kipimo cha umeme wa ubongo kinatafuta kifafa. Anayekuuzia picha ya ubongo ili "kuthibitisha ADHD", mwachie.

Mwalimu hataki kujaza fomu. Nifanyeje?

Kwanza tumwonee huruma. Darasa la shule ya msingi ya serikali hapa mjini linaweza kuwa na watoto themanini na zaidi, halafu unampa fomu ya Kiingereza yenye maswali zaidi ya arobaini. Mimi niliomba nikamsubiri baada ya masomo, nikakaa naye, nikamsomea swali moja moja kwa Kiswahili, yeye akijibu na kutia alama mwenyewe. Ilituchukua nusu saa. Usijaze wewe halafu akasaini. Daktari anaujua mwandiko wa mzazi anayetamani jibu fulani, na majibu yakifanana mno na yako, fomu inakufa.

Mwalimu akikataa kabisa, muombe aandike aya moja kwenye karatasi ya shule kwa maneno yake mwenyewe, au muombe mwalimu wa somo lingine. Halafu kuna mtu tunayemsahau: ustadhi wa madrasa, au mwalimu wa watoto wa kanisani. Yale ni mazingira mengine yenye sheria zake, na mtoto anatakiwa kukaa chini, kusikiliza na kukariri. Ustadhi wa mwanangu alitoa maelezo mazuri kuliko wote, maana alimfahamu tangu ana miaka minne. Dada wa nyumbani pia asikilizwe. Yeye ndiye anayekaa na mtoto kuanzia saa nane mchana.

Daktari amesema "huyu ni mtundu tu, atakua". Nikubali?

Inawezekana yuko sahihi. Mtoto aliyeingizwa darasa la kwanza na miaka mitano akiwa amekaa na wenzake wa miaka saba ataonekana hatulii, kumbe ni umri. Tafiti za nchi nyingi zimeona kwamba watoto wadogo kuliko wenzao darasani ndio huandikiwa ADHD zaidi. Kwa hiyo mtaje umri wake na umri wa wenzake.

Kama umri haumo na bado jibu ni hilo, omba kwa adabu mambo mawili: aandike kwenye faili alichokiona na sababu ya uamuzi wake, na akupe tarehe ya kurudi. "Atakua" bila tarehe ni kukufungia mlango. "Turudi baada ya miezi mitatu na ripoti ya muhula" ni matibabu. Katikati ya hapo endelea kuandika mifano yako.

Wamekubali kwamba ana ADHD, lakini hawana dawa. Imekuwaje?

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na ningependa ulijue kabla hujafika dirishani.

Dawa inayotajwa zaidi ni methilifenideti, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Iko kwenye jedwali la pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Maana yake kila boksi linaloingia nchini linahitaji vibali, famasia inalifungia na kulihesabu, na cheti kinaangaliwa kwa makini. Hapa kwetu tuna pia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mwaka 2019, na tena 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliombwa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu wakakataa, wakisema ushahidi hautoshi, na orodha za nchi nyingi huifuata ile. Dawa isiyo na uhakika wa kuwa kwenye orodha ni vigumu kuikuta kwenye rafu ya hospitali ya umma. Daktari kukuambia "haipo" hajakukatalia mtoto.

Ukipewa cheti cha nje, piga simu famasia kubwa kabla hujapanda gari. Uliza jina la dawa, miligramu, na kama ni ya muda mfupi au ya kutoka taratibu. Ya muda mfupi hufanya kazi kwa kama saa nne tu. Muulize daktari pia kama kuna ya pili ikikosekana ya kwanza. Ipo atomoksetini, ambayo haimo kwenye udhibiti ule mkali lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wengine hupewa imipramini, dawa ya zamani ya sonona. Hiyo inagusa moyo, kwa hiyo hakikisha moyo umeangaliwa, na usiongeze kidonge hata nusu kwa uamuzi wako.

Kabla ya dawa yoyote, mtoto apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo, na useme kama kwenye ukoo kuna mtu aliyeanguka akafa ghafla akiwa kijana. Vipimo hivyo virudiwe kila kliniki. Methilifenideti hupunguza hamu ya kula. Wangu nampa chai nzito na viazi kabla hajameza, na chakula kikubwa ni usiku.

Tafadhali sana, usimwombe ndugu wa Dubai au mtu anayetoka Nairobi akuletee kwenye begi. Ni dawa inayodhibitiwa huko na huku, na akikamatwa uwanja wa ndege utakuwa umemwingiza kwenye kesi ya dawa za kulevya.

Bima inalipa?

Kwa NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, mchangiaji anaandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, kwa hiyo angalia kwanza kama mtoto yumo. Kumwona daktari na vipimo vya kawaida kwa rufaa halali havikutusumbua. Dawa ndiyo hadithi nyingine, kwa sababu bima inalipa zilizo kwenye orodha yake, na orodha ya taifa ya dawa muhimu inapanga kila dawa kwa ngazi, kuanzia A ya zahanati hadi S ya mabingwa. Dawa ya ngazi ya bingwa haitatoka kwa cheti cha kituo cha afya hata kama imeandikwa vizuri. Kama una bima ya kampuni binafsi, soma vipengele vya afya ya akili na magonjwa ya utotoni. Mara nyingi ndimo zilimo alama za "hatulipii".

Sina bima wala pesa.

Sema mapema, usisubiri ufike kwenye kulipia. Kila hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, na afisa wake ndiye anayepokea maombi ya msamaha. Barua ya serikali ya mtaa husaidia. Mtoto aliye chini ya miaka mitano, sera inataka ahudumiwe bure.

Mtoto ana miaka minne, kliniki ya binafsi imeshamwandikia dawa. Serikalini wamekataa.

Wamefanya vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo vya kibingwa unasema methilifenideti ifikiriwe kuanzia miaka sita, chini ya bingwa, baada ya kumfundisha mzazi namna ya kumwongoza mtoto. Omba hayo mafunzo ya mzazi. Kwetu yalikuwa vikao sita na mwanasaikolojia wa hospitali: maelekezo mafupi, moja kwa wakati, nikimshika bega ananiangalia; sifa papo hapo anapomaliza; hakuna fimbo. Kuhusu fimbo nilibisha sana. Nililelewa nayo. Lakini mtoto anayesahau hakumbushwi na fimbo, anajifunza tu kuniogopa, na ule muda tulioutumia kugombana ndio tunaoutumia sasa kusoma.

Bibi yake anasema amerushiwa jini, twende kwa mtaalamu.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo, upande wa baba yake. Sikubishana na mama mkwe. Tulisoma dua nyumbani, tena kwa moyo, na Jumatatu tukaenda kliniki. Nilichokataa ni kufusha moshi usiku kucha na kumnyima mtoto usingizi, na kumeza kitu nisichokijua huku yuko kwenye dawa. Nilimwomba bibi aje nasi siku moja. Daktari alimsalimia kwa heshima, akamuuliza baba wa mtoto alikuwaje utotoni. Bibi akacheka, akasema, "Huyu huyu kasoro jina." ADHD hurithiwa sana kwenye koo. Tangu siku ile halitaji tena lile jini.

Faili la kliniki ya akili halitamharibia baadaye?

Ni hofu ya kweli, nami nililala nayo. Taarifa za afya ni siri, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayozihesabu kuwa taarifa nyeti. Shule haipaswi kupata faili bila wewe. Mpe mwalimu kile tu kinachomsaidia darasani: akae mbele, mbali na dirisha, apewe kazi kwa vipande. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa mwisho ni jambo lingine. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na maombi hupita kwa mwalimu mkuu na maofisa elimu, kwa hiyo mwone mwanzoni mwa mwaka ukiwa na barua ya bingwa wa serikali. Hapo ndipo utaona faida ya ule usumbufu wote.

Nimefanya yote, bado wamekataa hata kumsikiliza.

Omba kuonana na mganga mfawidhi wa hospitali, au ofisi inayopokea malalamiko, na uende na karatasi: tarehe ulizokuja, uliyoambiwa, unachoomba. Omba kitu kimoja tu, yaani mtoto aonwe na daktari mwingine au apewe rufaa ya juu. Kutaja maneno makali aliyosema nesi kutalizamisha ombi lako. Mimi sikufika huko. Rufaa ilitoka kwenye mazungumzo ya dakika kumi, na aliyeisukuma alikuwa nesi wa kliniki, ambaye alikuwa ameniona pale mara nne nikiwa na begi lile lile la madaftari.

Tunahamia mkoani. Nianze upya?

Si lazima. Wiki tatu kabla ya kuondoka, omba muhtasari wa matibabu wenye jina la ugonjwa, dawa na kiwango, uzito na presha za kliniki za mwisho, na barua ya rufaa iliyotaja hospitali unakokwenda: Bugando kama ni Mwanza, KCMC kama ni Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda kama ni Mbeya, Mirembe kama ni Dodoma. Omba dawa za mwezi mmoja za kusafiria, zibaki kwenye boksi lake pamoja na nakala ya cheti. Muhtasari huo utakuwa na muhuri wa serikali. Na ile ripoti ya kwanza ya binafsi iwekwe nyuma yake, na fomu ya mwalimu ikiwa bado imebanwa nayo.